Aliyepiga ndiye ajithibitishe: majibu kwa waliopigiwa simu "kutoka benki"

Barua nyingi za wiki hizi zinahusu jambo moja: simu inaita, mtu anasema yuko benki, anaongea kwa adabu na haraka. Nimechagua maswali saba, nikayafupisha kidogo.

Alinitaja majina yangu matatu na tawi nililofungulia akaunti. Akasema kuna mtu anataka kutoa fedha zangu, nimsomee namba sita zilizoingia kwenye simu ili azuie. Sikumsomea, lakini nina wasiwasi kwamba huenda alikuwa mtu wa benki kweli. (Mwanza)

Hakuwa wa benki, na ulifanya vyema kumnyima. Majina yako si siri. Mtu yeyote akiingiza namba yako kana kwamba anakutumia pesa, jina linajitokeza kabla hajathibitisha muamala, kisha anaghairi. Tawi nalo ni la kubahatisha: akikosea, wengi wetu tunamsahihisha wenyewe, "Hapana, mimi ni wa tawi la sokoni." Kuna pia daftari la wakala, ambamo jina, namba ya simu na kiasi ulichotoa vimekaa kwenye mstari mmoja, na aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma bila shida.

Zitazame sasa zile namba sita, zile wengi wanaziita OTP. Ziliingia wakati mnaongea kwa sababu yeye au mwenzake alikuwa ameshika simu nyingine, amefungua programu ya benki, ameandika namba yako na kubonyeza "nimesahau namba ya siri". Mfumo ukakutumia wewe namba za kuthibitisha kwamba mwenye akaunti ndiye anayeingia. Benki ndiyo iliyozitengeneza, kwa hiyo haina sababu ya kukuuliza. Anayeziuliza ni yule ambaye hazikumfikia. Ule "wizi" aliokuwa anakuonya nao alikuwa anaufanya yeye, dakika ile ile.

Badilisha namba yako ya siri leo. Mtu huyo ameshajua simu yako imeunganishwa na benki ipi, na atarudi kwa sauti nyingine.

Namba iliyojitokeza kwenye kioo ilikuwa ya benki yangu, nilikuwa nimeihifadhi kabisa kwa jina. Hapo bado nishuku? (Arusha)

Ndiyo. Namba inayoonekana kwenye kioo hutumwa na upande wa anayepiga. Simu nyingi za ofisini siku hizi hupita kwenye intaneti, na mitambo yake huruhusu kuweka namba itakayoonekana kwa mpokeaji. Ndivyo ofisi yenye wahudumu wengi inavyoonyesha namba moja tu. Njia hiyo ikiangukia mikononi mwa tapeli, ataandika namba ya benki yako. Simu yako nayo itaona namba inayoijua, itaandika jina ulilohifadhi, nawe utaamini.

Meseji ni vivyo hivyo. Simu hupanga meseji kwa kufuata jina la mtumaji, basi ya uongo iliyobeba jina la benki inaweza kukaa chini ya zile halali za mwezi uliopita, kwenye ukurasa ule ule.

Wasomaji wa Kenya wanajua kwamba Safaricom imetangaza kuwa huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee. Tangazo hilo linasaidia sana kwa upande mmoja: anayepiga kwa namba nyingine akidai yuko Safaricom, mkatie. Lakini namba sahihi kuonekana kwenye kioo bado haitoshi kumfungulia mtu moyo wako. Kata, geuza kadi yako ya benki, piga namba iliyochapishwa nyuma yake, tarakimu moja moja. Usibonyeze namba iliyokuja kwenye meseji.

Mnatuambia tusitaje habari zetu. Mbona nikipiga huduma kwa wateja wananiuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na muamala wa mwisho? (Dodoma)

Dada, angalia nani kampigia mwenzake. Ukipiga wewe, unajua ulikofika, maana namba umeichagua mwenyewe. Benki ndiyo isiyojua nani yuko upande wa pili, na ina wajibu wa kuuliza. Isipouliza, mwanamke mwingine atapiga, atasema yeye ni wewe, amepoteza simu, anaomba akaunti iunganishwe na namba mpya. Akifanikiwa, meseji zote za uthibitisho zitaanza kwenda kwake, na wewe utagundua siku utakayokuta salio limebaki la kukatia ada. Kwa hiyo mhudumu anayekusumbua kwa maswali anakulinda. Hata hivyo, namba ya siri hatakiwi kuiuliza, hata kama simu umepiga wewe.

Lawama zangu kwa mabenki ziko kwingine. Kwanza, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ni maswali dhaifu. Shangazi yako anajua, uliosoma nao wanajua, na Facebook inatangaza siku yenyewe kila mwaka. Kuuliza kiasi cha muamala wa juzi, au kukata na kumpigia mteja kwa namba iliyoandikishwa, kuna nguvu zaidi.

Pili, na hili linaniudhi kweli, benki hizo hizo huwapigia wateja kutangaza mkopo au bima, kisha zinaanza: "Kwa usalama wako, naomba unithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa." Aliyepiga ni yeye! Mteja akizoeshwa kujieleza kwa sauti asiyoijua, tapeli anapokuja anamkuta ameshafundwa. Ukipigiwa hivyo sema, "Asante, nitapiga mwenyewe." Afisa wa kweli hatakasirika. Akianza kukuharakisha, kwamba ukikata tu akaunti inafungwa, umeshapata jibu lako.

Laini yangu ilikata mtandao ghafla mchana, wenzangu wa mtandao huo huo wanapata. Ni hitilafu? (Morogoro)

Inawezekana, lakini usisubiri hadi jioni. Huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine, na OTP zako zinasomwa na mtu mwingine. Azima simu ya jirani: piga benki yako wasimamishe miamala, kisha piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu hapa Tanzania, uulize kama laini imesajiliwa upya.

Piga pia *106# kwenye kila mtandao uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usajili wa alama za vidole umesaidia, ila wapo mawakala wa barabarani wanaokuambia "kidole hakijasoma, bonyeza tena", na kile kidole cha pili kinasajili laini usiyoijua. Ukiikuta, nenda dukani kwa kampuni yenyewe ikafutwe. Walioko Kenya wenye laini za Safaricom wapige *100*100# kuzuia laini isibadilishwe kadi na wakala.

Kuna mtu kanitumia elfu themanini kwa makosa, anapiga analia nimrudishie. Roho inaniuma. (Unguja)

Angalia salio kwenye menyu yenyewe ya huduma ya fedha, usitegemee meseji. Mara nyingi meseji ni ya kuandikwa tu na hela haipo. Ikiwa ipo, usiitume wewe. Mwambie apige mtandao wake aombe muamala urejeshwe, nawe usiiguse. Aliyekosea kweli atapata haki yake kwa njia hiyo.

Naishi Leicester. Napigiwa na watu wanaosema wako kitengo cha utapeli cha benki yangu. Namba za huko Tanzania hazinisaidii.

Huko mna 159, ilianza mwaka 2021. Kata, piga 159, utaunganishwa na benki yako. Nyingi kubwa za Uingereza zimo. Kama umetumia simu ya mezani, subiri kidogo au tumia simu nyingine, maana tapeli anaweza kubaki kwenye laini ukadhani umeikata.

Baba ana miaka 74. Alipigiwa na sauti anayoapa ni ya mdogo wangu, amepata ajali, atumiwe pesa kwa namba ya "daktari". Mdogo wangu alikuwa darasani. Tumlindeje mzee? (Tanga)

Mpe pole mzee, na msimcheke. Sauti sasa inaweza kuigwa na kompyuta kwa kutumia video fupi aliyoirusha kijana mtandaoni, na mzazi aliyeambiwa mtoto wake anatoka damu hana nafasi ya kupima.

Kaeni chini kama familia mchague neno moja la siri, lisiandikwe kwenye kundi la WhatsApp, lisiwe jina la mtu wala la kijiji. Anayeomba pesa kwa dharura alitaje kwanza. Halafu mzee apige namba ya kijana aliyonayo siku zote, na ikikosekana apige ya mwenzake wa karibu. Mwandikieni namba hizo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ikae pale anapoweka miwani.

Kama pesa ingekuwa imeshatoka, kila dakika ina thamani. Mngeanza kwa kupiga benki na mtandao wa simu, mkiwasomea namba ya muamala iliyo kwenye meseji ili fedha zizuiwe kabla hazijatolewa kwa wakala. Kisha namba ya tapeli mngeituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu hapa Tanzania. Kisha polisi, mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo, kwa kuwa benki itaidai, na kesi za namna hii zinaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Benki ikiwazungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Pelekeni kwa maandishi, na kumbukumbu namba ya kila lalamiko mliyopewa.