Nimepata 565 kwenye GMAT: nirudie baada ya siku 16?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu, naishi Arusha. Mwezi wa tatu nilifanya GMAT, ule mtihani wa kompyuta wa kuombea vyuo vya biashara, kituoni Nairobi nikapata 565 kati ya 805: Hesabu 81, Lugha 79, Uchambuzi wa Data 74. Nalenga 645 kwa ajili ya MBA nje. Nilijisomea kwa kitabu cha kaka yangu cha 2019. Ripoti inaonyesha kwenye Data maswali matano ya mwisho nilijibu kila moja kwa chini ya nusu dakika. Rafiki yangu aliyefanya mwaka 2021 anasema kosa langu ni kutotulia kwenye maswali 10 ya mwanzo, kwamba hayo ndiyo kompyuta inayatumia kukupangia alama. Nimesoma kwamba naruhusiwa kurudia baada ya siku 16, nami nataka nirudie haraka kabla sijasahau, maana mwezi wa sita ofisini tunafunga hesabu za mwaka. Kuna pia jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza maswali "ya mwezi huu". Unanishauri nini? Na je, vyuo vitaona hii 565?

JIBU: Marahaba.

Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi. Vyuo havitaiona 565 usipoituma. Katika GMAT ya sasa unaona alama zako kwanza, kisha unachagua vyuo vya kuvitumia, na ripoti inayokwenda inabeba matokeo ya mtihani ule mmoja tu. Ile hofu ya zamani ya kufuta alama ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha mtihani imekwisha. Vyuo vingi vyenyewe husema wazi kwamba vinaangalia alama yako ya juu kuliko zote. Kwa hiyo kurudia si aibu wala si doa. Unaruhusiwa mara 5 ndani ya miezi 12, kituoni na nyumbani vikihesabiwa pamoja, na alama hudumu miaka 5.

Sasa haya maswali 10 ya mwanzo.

Sijui ni nani aliyeuanzisha uvumi huu, ila najua umewagharimu watu wengi kuliko sura yoyote ngumu ya hesabu. GMAC, wenye mtihani, wameukanusha miaka nenda rudi, hata ndani ya kitabu chao wenyewe cha mazoezi, na bado kila msimu napokea ujumbe wa mtu aliyefuata ushauri huo akaanguka. Wewe unaambiwa uufuate baada ya kuanguka!

Uvumi ulizaliwa na ukweli nusu. Kompyuta inaanza na swali la kiwango cha kati. Ukipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, linakuwa jepesi. Kila jibu linarekebisha makadirio ya uwezo wako, na mwanzoni makadirio hayo yanapanda na kushuka kwa kasi kwa sababu kompyuta bado haikujui. Mtu akiona hivyo anadhani alama imeshapangwa hapo. Haijapangwa. Alama ya mwisho inatokana na majibu yote ya sehemu nzima, pamoja na ugumu wa maswali uliyopewa. Ukijisukuma juu mwanzoni kwa kutumia muda usio wako, kompyuta inakuamini na kukuletea maswali magumu zaidi, nawe huna tena dakika za kuyajibu. Unayakosa mfululizo, makadirio yanashuka, na maswali unayoyaacha bila jibu yanakukata zaidi.

Piga hesabu, wewe ni mhasibu. Sehemu ya Hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani dakika 2 na sekunde chache kwa kila swali. Yape maswali 10 ya mwanzo dakika 3 kila moja kama rafiki yako anavyotaka. Umekula dakika 30. Zimebaki 15 kwa maswali 11, sekunde 80 na ushee kwa kila moja, na hayo ndiyo magumu. Kwenye Data hali ni ileile: maswali 20, dakika 45. Ripoti yako inasema matano ya mwisho uliyakimbia kwa chini ya nusu dakika. Yaani ulichofanya ndicho anachokushauri ukifanye zaidi.

Atakuambia mtihani mpya unakuruhusu kurudi nyuma. Ndiyo, unaweza kuweka alama kwenye maswali na kubadilisha majibu, lakini yasizidi 3 kwa kila sehemu, na ni pale tu unapomaliza sehemu muda ukiwa umebaki. Aliyetumia muda wote mwanzoni hana cha kurudia.

Simlaumu sana rafiki yako, maana mtihani alioufanya yeye haupo tena. Toleo la sasa lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa Januari 2024. Ule wa kwake ulikuwa na insha, ulikuwa na maswali ya kusahihisha sentensi, ulikuwa na jiometri. Vyote vimeondolewa. Zamani kulikuwa na kasehemu ka kusoma chati na majedwali kaliyopewa alama pembeni, 1 hadi 8, kasiingie kabisa kwenye jumla ya 200 hadi 800. Watu walikapuuza, na walikuwa na haki. Leo kasehemu hako kamekua, kakachukua na yale maswali ya "taarifa hizi zinatosha au hazitoshi" yaliyokuwa upande wa Hesabu, na sasa kanaitwa Uchambuzi wa Data na kana uzito sawasawa na Hesabu na Lugha. Ndiko kulikokuangusha, na kitabu cha kaka yako cha 2019 kisingeweza kukuandaa. Miezi yote uliyokaa na kanuni za sarufi za Kiingereza na eneo la pembetatu ulikuwa unasomea mtihani uliozikwa. Kipe mtoto akifanyie mazoezi ya hesabu za shule.

Hapa kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Kila sehemu inapewa alama 60 hadi 90, na jumla ni 205 hadi 805. Pointi 90 za kupanda katika sehemu tatu ndizo zinazozaa alama 600 za jumla, kwa hiyo pointi moja ya sehemu yoyote ni karibu alama 7 kwenye jumla. Zako ni 81, 79 na 74, jumla 234. Kufika 645 unahitaji 246 hivi, yaani pointi 12. Wahasibu na mainjinia wanaoniandikia karibu wote wanataka kuzitafuta kwenye Hesabu, kwa sababu hapo ndipo wanapojisikia nyumbani. Kutoka 81 kwenda 87 ni kazi ya jasho. Kutoka 74 kwenda 81 kwenye Data kwa mtu anayeshinda na majedwali kazini ni jambo linalowezekana, na hizo tayari ni pointi 7. Zilizobaki 5 utazigawa: mbili tatu za Lugha, zinazosalia Hesabu.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa unashinda na Excel Data itakuja yenyewe. Mle unapewa barua pepe tatu na jedwali, nusu ya taarifa hazina kazi, na swali moja lina vipengele vitatu. Ukikosa kimoja umekosa lote, hakuna alama ya huruma. Kikokotoo kipo kwenye kompyuta katika sehemu hii, na hapo ndipo wahasibu wanapojimaliza: wanakokotoa hadi senti ya mwisho wakati swali linataka tu kujua ipi kubwa. Mazoezi yako ya kwanza yawe kulitazama swali na kuamua kama linahitaji kikokotoo. Mengi hayahitaji.

Ya pili ni kujifunza kuacha. Swali likipita dakika 3 hujaona njia, otea, liwekee alama, songa. Najua inauma. Sisi tuliosoma shule za huku tumelelewa na mtihani wa karatasi ambao kila swali lina alama zake na ukilikwepa umezipoteza. Anayerisiti kidato cha nne anakutana na karatasi moja na wenzake nchi nzima, swali la kwanza hadi la mwisho, anajibu analotaka kwa mpangilio anaotaka. GMAT haiko hivyo. Imetengenezwa ikuletee maswali utakayoyakosa. Hata wanaopata alama za juu sana wanakosa kadhaa. Kung'ang'ania swali moja gumu kwa dakika 5 ni kununua jibu moja kwa bei ya mawili.

Siku 16, basi. Huo ni muda wa chini ulioruhusiwa na wenye mtihani. Haukuwekwa kama kipimo cha maandalizi, lakini watu wanausoma kama dozi ya daktari. Kurudia baada ya siku 16 kunamfaa mtu aliyekuwa anapata 640 kwenye mitihani ya majaribio nyumbani, kisha siku yenyewe akaugua au umeme ukakatika kompyuta ikazima. Huyo uwezo anao, siku ndiyo iliyomwangusha. Wewe hujanitajia kama ulifanya jaribio rasmi hata moja. Yapo 6 kwenye tovuti ya wenye mtihani, mawili ya bure. Kama hukuyafanya, 565 ndiyo hali yako halisi ya sasa, na wiki mbili hazitabadilisha pointi 12. Pengine utapata 585 ufurahi, au 545 ulie, na vyote viwili havina maana, maana mtu yuleyule akikaa siku mbili tofauti bila kujifunza kitu alama zinaweza kutofautiana kwa 30 au zaidi. Kwa ada ya mtihani, ukiongeza basi la Namanga na chumba Nairobi, huko ni kubeti.

Na hofu ya kusahau usiwe nayo. Sehemu kubwa ya ulichosoma unapaswa kukisahau.

Nije kwa jamaa wa WhatsApp. Hawa nawajua kwa lugha yao: "maswali ya mwezi huu", "uhakika", "nusu sasa nusu baada ya matokeo". Ghala la maswali ni kubwa na kila mtu anapangiwa yake kutokana na anavyojibu, kwa hiyo anachokuuzia mara nyingi ni kurasa za kitabu cha zamani zilizopigwa picha upya. Kama ni ya wizi kweli, ni balaa zaidi. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho huko Virginia iliipa GMAC ushindi dhidi ya tovuti ya ScoreTop, iliyokuwa ikiuza maswali kama hayo, kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 2. Zaidi ya pesa, walipata diski ya kompyuta yenye kumbukumbu za wanachama. Waliobainika walifutiwa alama. Mnunuzi aliyedhani amejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa amelipa kwa kadi yake.

Siku hizi kuna wabaya zaidi, wanaojitolea kukukalia mtihani. Kituoni hawawezi kirahisi, unapigwa picha na kiganja chako kinaskaniwa mishipa. Kwa hiyo wanakushawishi ufanye wa nyumbani, waingie kwenye kompyuta yako kwa mbali. Fikiria unachomkabidhi mtu huyo: nakala ya pasipoti, malipo, na ushahidi kwamba ulitaka kudanganya. Akikurudia baada ya mwaka akitaka zaidi, utamshtaki wapi?

Na si wao tu. Wapo wenye ofisi, kadi za biashara na suti, wanaoahidi "alama 100 juu ndani ya wiki mbili au pesa yako inarudi". Soma masharti: pesa inarudi ukiwa umehudhuria kila kipindi, umefanya kila zoezi, umefanya mtihani tarehe waliyoichagua wao. Wanawapima wanafunzi siku ya kwanza kwa jaribio gumu la kutunga wenyewe, na siku ya mwisho kwa jepesi, hiyo ndiyo "100 juu". Wapo pia wanaorudiarudia majaribio yaleyale rasmi na mwanafunzi yuleyule mpaka maswali yajirudie, alama inapanda kwa kumbukumbu, mzazi anaonyeshwa grafu. Mtu wa kukufundisha aonyeshe kwanza kwamba ameisoma ripoti yako. Asiyekuuliza ulipoteza muda wapi anakuuzia kozi aliyomuuzia mwenzako.

Kwa hiyo wewe: usiweke nafasi leo. Fanya jaribio moja rasmi la bure mwishoni mwa wiki hii, saa mbili na robo bila kusimama zaidi ya yale mapumziko ya dakika 10. Nunua kitabu rasmi cha toleo la sasa. Fungua daftari la makosa, na kila swali ulilokosa andika kama hukujua, ulisoma vibaya, au muda ulikuishia. Mwezi mmoja ukipita utaona safu moja imejaa kuliko nyingine na hiyo ndiyo ya kushughulikia. Maswali machache yaliyochimbuliwa yanafaa kuliko mia mbili yaliyopitiwa kwa kujionyesha.

Mwezi wa sita usijidanganye kwamba utasoma wakati wa kufunga hesabu. Soma Mei, punguza Juni, rudi kwa nguvu Julai, fanya jaribio lako jipya la mwisho wiki mbili kabla. Mtihani uwe wiki ya kwanza ya Agosti: vyuo vingi hufunga awamu ya kwanza ya maombi Septemba, hivyo hizo siku 16 zikihitajika zitakuwa bado zipo. Jaribio likikupa chini ya 620, sogeza tarehe mbele na uombe awamu ya pili, ambayo nyingi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Alama rasmi ikitoka una saa 48 za kutuma ripoti 5 bila malipo, kwa hiyo orodha ya vyuo iwe tayari kabla hujapanda basi.