Jibu: Kijiji cha watu weusi katika jimbo la Kansas

Mkuu, umeuliza kama kwenye zile mbuga za nyasi za Marekani kuna kijiji kilichoanzishwa na watu weusi, na kama bado kipo. Kipo, kinaitwa Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa Kansas.

Kilianza 1877. Wengi wa waanzilishi walitoka Kentucky, watu waliokuwa watumwa miaka kumi na kitu tu kabla. Matangazo yaliwaahidi ardhi nzuri, lakini walichokuta ni nyasi hadi macho yanapoishia. Miti ya kujengea hakuna, kwa hiyo wakachimba nyumba ndani ya udongo. Ukifika ulikuwa unaona moshi unatoka ardhini, bomba la jiko limechomoza kwenye majani. Baadhi ya familia ziligeuza pale pale. Waliobaki walivuka baridi ya kwanza kwa chakula walichogawiwa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda.

Mji ukachangamka: maduka, makanisa, hoteli, hata magazeti. Kilichoumaliza ni reli. Mwaka 1888 njia ilipita upande wa pili wa mto, wafanyabiashara wakabeba virago kuifuata. Mimi ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosingizia ukame peke yake.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14. Ila kila mwishoni mwa Julai wajukuu na vitukuu hurudi toka majimbo mbalimbali kusherehekea, na tangu 1996 serikali kuu inapahifadhi kama eneo la kihistoria.