Shangazi, kabati zimejaa tena

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, mume na watoto wawili. Mara mbili sasa nimepunguza vitu nyumbani: nguo, vyombo, vitu vya kuchezea. Mara ya mwisho tuligawa magunia tisa. Haikupita miezi sita kabati zikafurika tena, wala sijui vitu vimeingia lini. Mume wangu anasema nina ugonjwa wa kutupa, maana niligawa hata redio yake mbovu. Mimi natamani maisha mepesi tu. Mbona jambo jepesi linakuwa gumu hivi?
Mchovu wa Kabati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa karibu na sanduku ambalo kwa miaka minne nimeshindwa kulifungua. Kwa hiyo tuzungumze kama wawili walio njia moja.

Umefanya vizuri kusema "mepesi" badala ya "rahisi". Rahisi kwetu ni kitu kisicho na shida, tena ni kitu cha bei ndogo, na neno hilo limewapoteza wengi. Unalolitaka lina shida yake na lina gharama yake. Wala si umaskini. Asiye na kitu hakuchagua, na sitaki kumsifia mtu dhiki yake.

Ugumu unaanzia kichwani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha majaribio yao katika jarida la Nature. Katika jaribio mojawapo, watu walipewa kijumba cha matofali ya kuchezea, paa lake limeegemea tofali moja tu kwenye kona, wakaambiwa waliimarishe. Kila tofali la kuongeza lilitozwa senti 10. Dawa ilikuwa kuliondoa lile tofali moja, paa likalie ukuta wenyewe, bila malipo yoyote. Wengi waliongeza. Katika kundi lililokumbushwa kwamba kuondoa ni bure, walioliona jibu walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna msimamo. Wazo la kupunguza halitujii lenyewe, lazima mtu aliite.

Halafu kitu hakiingii peke yake. Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 kuhusu joho jipya la nyumbani alilopata, jekundu, zuri kweli. Kando ya joho hilo kiti chake cha majani kikaonekana aibu, akakibadilisha kwa cha ngozi. Meza nayo ikafuata, na picha za ukutani. Mwisho akawa analililia joho kuukuu, ambalo alikuwa akifutia hata vumbi la vitabu. Naomba urudi nyuma ukumbuke: baada ya yale magunia tisa, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa kipi? Nadhani utakuta kilikuja na wenzake.

Ndiyo maana nakuomba usigawe chochote kwa miezi mitatu. Kaa mlangoni. Kila kitu kinachotaka kuingia kiandike kwenye daftari, halafu kisubiri wiki mbili. Utashangaa vingapi utavisahau kabla wiki hazijaisha. Zawadi ndizo ngumu zaidi, kwa sababu kuikataa zawadi ni kama kumkataa mtu. Kwa hizo sina kanuni. Waambie mapema walio karibu nawe kwamba watoto wangependa zaidi kutembelewa.

Vitu vya mume wako usiviguse. Hapo nitakuwa mkali: ile redio ilikuwa yake, na ulipoitoa bila kumuuliza ulimpunguza yeye. Mwombe radhi. Kisha mwachie rafu moja ambayo hutaitazama kamwe.

Nalijua hilo kwa kuumia. Mume wangu alipofariki, kwenye droo yake nilikuta kalamu kumi na moja zisizoandika na chaja za simu tulizokwisha kuziacha zamani. Enzi za uhai wake tuligombana sana juu ya droo ile. Siku hiyo niliishika kalamu moja moja, nikashindwa kuitupa hata moja hadi mwezi wa tatu. Kilichonizuia hakikuwa wino.

Sanduku nililokutajia lina mashati yake. Jumapili dada yangu atakuja tulifungue pamoja. Nitabakiza moja, lile la mistari lililochakaa kola.