Magineto ya BSA M20: jinsi ya kumpata fundi wa kuaminika kwa gharama ya kadiri ukiwa huku kwetu pwani

Assalaam aleikum ndugu yangu. Umeuliza kutoka Mpeketoni kwamba pikipiki ya BSA M20 uliyoachiwa na marehemu babako huwaka bila taabu asubuhi, lakini baada ya mwendo mfupi hukata moto na haikubali kuwaka tena mpaka ipoe, na kwamba bei uliyotajiwa na karakana moja ya ng'ambo kwa kuitengeneza upya magineto yote, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi, imekuvunja moyo. Mimi ninakaa Malindi na ninayo Matchless G3/L ya wakati wa vita ambayo ilinipitisha njia hiyo hiyo, kwa hivyo nitakueleza niliyoyaona. Ninaloliamini ni hili: fundi mmoja wa bei nafuu atakayeifanya kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho hutampata karibu nasi, lakini kazi yenyewe ikigawanywa, sehemu kubwa yake inafanyika vizuri hapa pwani, na ile inayolazimika kwenda nje inakuwa ndogo kiasi cha kumudika.

Ili kuigawanya kazi ni lazima ujue kilichougua. Ndani ya magineto ya Lucas ya aina yako kuna amecha inayozunguka katikati ya sumaku, nayo imesukwa waya mara mbili: waya mnene wa mizunguko michache, na juu yake waya mwembamba usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita, uliozungushwa maelfu ya mara. Pointi, yaani vile vigusano viwili vinavyofunga na kufungua njia ya umeme, zinapofunguka, mkondo wa umeme katika waya mnene hukatika ghafla, na waya mwembamba hutoa volti elfu kadhaa zinazoruka kwenye plagi. Kinachoufanya ukataji huo uwe wa ghafla ni kondensa, ambayo watengenezaji waliifungia ndani ya amecha yenyewe, na ndiyo sababu haibadilishwi kwa skrubu moja kama ya gari. Kondensa za zamani ni za karatasi, na karatasi iliyokaa miaka themanini hunywa unyevu, hasa katika hewa yetu ya chumvi. Ikipata joto huvuja umeme, cheche huhamia kwenye pointi, na plagi haibaki na kitu. Pikipiki inayowaka baridi na kufa moto, kama ulivyoieleza yako, mara nyingi inaugua kondensa kabla ya kuugua kitu kingine chochote.

Ugonjwa wa pili ni wa ile gundi ya shelaki iliyotumika kuushika waya. Kwa joto la miaka mingi hulainika, hutiririka nje ya amecha na kushika kwenye ukuta wa sumaku, na ukiizungusha kwa mkono unahisi inanata. Ukiiona hali hiyo, usitafute dawa ya muda. Amecha inataka kusukwa upya.

Hata hivyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote, yako mambo ambayo utayafanya mwenyewe kwa nusu siku. Safisha pete inayotolea umeme kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli kidogo, uzungushe injini polepole huku ukikishikilia hapo, halafu uiache ikauke kabisa kabla ya kujaribu kuwasha. Kagua brashi ya kaboni ya juu na ile ndogo ya upande inayorudisha umeme kwenye bodi, kwani hii ya pili husahauliwa na karibu kila mtu, na ikiisha, umeme hupitia kwenye beringi na kuziharibu. Angalia kama kile kichwa cheusi kinachoshika waya wa plagi kina mistari ya kuungua, kwa maana hapo ndipo chumvi ya bahari hujenga njia ya kuutorosha umeme. Pengo la pointi liwe inchi 0.012, yaani kama milimita 0.30. Nimeona magineto iliyohukumiwa kufa ikafufuka kwa usafi huu peke yake, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akishauriwa kusafirisha mzigo kabla ya kuufungua.

Baada ya hapo pima. Chukua mita ya kawaida, weka ncha moja kwenye pete ya kutolea umeme na nyingine kwenye chuma cha amecha. Waya mwembamba ulio mzima hutoa omu elfu kadhaa, na usipotoa kitu chochote ujue umekatika. Kipimo hiki hakitakuambia lolote kuhusu kondensa, wala hakitakuhakikishia kwamba kihami, yaani kizuizi cha umeme kati ya nyaya, kitastahimili joto, lakini kitakutenganishia amecha iliyokufa na amecha inayostahili kujaribiwa.

Sasa nije kwa mafundi. Magdyno yako ni vyombo viwili katika kifungo kimoja, dainamo juu na magineto chini, na cheche haitegemei dainamo wala betri. Vitenganishe. Dainamo ni kazi ambayo fundi yeyote mzuri wa umeme wa magari wa Malindi au Mombasa anaiweza, kwa sababu haina tofauti kubwa na zile alizokuwa akizitengeneza kwenye magari ya zamani. Kuisafirisha pamoja na magineto ni kulipia uzito wa bure, na karakana ya ng'ambo itakutoza kwa saa kazi ambayo mtu wa hapa angeifanya kwa bei ya kadiri.

Kazi za chuma nazo zina watu. Fundi wa kukereza anaweza kuisawazisha pete iliyolika na kutengeneza kifaa cha kuvutia gia bila kupiga nyundo. Beringi za magineto ni za aina ya E15, zinazotengana vipande viwili, na ni muhimu umwonye fundi kwamba zile pete za nje huzungukwa na karatasi nyembamba ya kuzuia umeme. Akiitupa kwa kudhani ni uchafu, atakurudishia magineto inayopitisha umeme kwenye beringi na kuziharibu. Mafundi wa mashine za boti wa ufukweni wamekuwa msaada mkubwa kwangu katika kazi za namna hii, kwani wamezoea kupambana na kutu na hawana papara ya kulazimisha skrubu iliyokwama.

Penye matatizo ni kwenye kusuka. Huku kwetu tunao mafundi hodari wa kusuka mota za pampu na feni, na ninawaheshimu, lakini waya wa mota ni mnene mara nyingi zaidi ya huu, na mota haitoi volti elfu kadhaa. Fundi mmoja wa Mombasa, ambaye sitamtaja, aliisuka amecha yangu kwa moyo safi kabisa, akaipaka vanishi kwa brashi, na akaweka kondensa aliyoitoa kwenye vifaa vya gari. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza pale karakanani na kila mtu akafurahi. Kabla sijafika Kilifi ilikuwa imezima. Tulipoifungua tulikuta vanishi haikupenya hadi tabaka za ndani, waya umesukumwa nje kwa mzunguko mpaka umegusa ukuta wa sumaku, na kondensa imeshindwa na joto. Amecha hutakiwa isukwe kwa mashine inayodhibiti mvuto wa waya, tabaka zitengwe kwa kihami, kisha epoksi iingizwe ndani ya chombo kilichotolewa hewa ili ijaze kila mwanya. Mtu asiye na vifaa hivyo, hata awe na mikono ya dhahabu, hawezi kukuhakikishia kazi hiyo.

Kwa hiyo amecha, na ni amecha peke yake, ndiyo iliyosafiri. Sisi wa Malindi tuna bahati moja isiyozungumzwa sana, nayo ni wingi wa watu wanaokwenda na kurudi Italia. Nchi hiyo ina mapenzi makubwa na pikipiki za zamani, na ndiko ilikozaliwa Magneti Marelli, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 na ambayo magineto zake zilifungwa kwenye mashine nyingi za Kiitaliano, kwa hivyo mafundi wadogo wa kusuka amecha hawajaisha huko. Jirani yangu Mwitaliano ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi hiyo, na aliichukua amecha yangu katika safari yake. Uingereza nako wako wengi, na njia salama ya kuwajua ni kupitia vyama vya wenye pikipiki hizi, kama vile BSA Owners' Club na Vintage Motor-Cycle Club iliyoanzishwa mwaka 1946. Wanachama wake huandikiana wazi kuhusu nani kachelewesha na nani kafanya vizuri, na fundi anayewategemea hao kwa riziki hawezi kuwachezea kwa muda mrefu.

Utamjuaje wa kuaminika kabla ya kumpelekea kitu? Mimi huanza na swali la kondensa. Muulize anaweka ya aina gani, na kwa nini. Anayejua kazi atakujibu kwa kirefu kwamba anatumia ya kisasa, ya plastiki au ya kauri, yenye uwezo wa kuhimili volti nyingi kuliko zile zinazotokea kwenye pointi, na atakutajia kiwango chake. Anayekwepa swali hili mwache, hata kama bei yake ni nusu ya wengine. Kisha muulize kama huijaribu magineto ikiwa ya moto, kwa sababu kuijaribu baridi mezani hakuthibitishi lolote juu ya ugonjwa wako. Muulize pia cheche yake huruka pengo gani kwa kasi ndogo. Magineto ya injini yako huzunguka kwa nusu ya kasi ya injini, na unapopiga kiki huwa inakwenda polepole sana, hivyo iliyotengenezwa vyema inapaswa kuruka pengo la kama milimita 5 kwa mizunguko isiyozidi mia moja na kitu kwa dakika. Mwisho, dhamana iwe ya maandishi na ihesabiwe kwa miaka. Bei isiyo na dhamana huwa inalipwa mara mbili.

Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba waya ni mzima na shelaki haijatiririka, huenda hutahitaji kusuka kabisa. Brightspark Magnetos ya Uingereza huuza kondensa ndogo iitwayo EasyCap, inayofungwa nyuma ya sehemu ya pointi bila kuivunja amecha. Ile ya zamani hukatwa isiendelee kuvujisha umeme. Kwa hali uliyoieleza, hapo ndipo ningeanza mimi, kwa sababu ni kifurushi chepesi na gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kusuka upya.

Kuhusu sumaku, jambo hili linataka uangalifu. Ukiichomoa amecha bila kuziba njia ya sumaku, nguvu yake hupungua papo hapo. Weka kipande cha chuma laini kinachounganisha ncha zake mbili kabla ya amecha kutoka yote, na ukiache hapo muda wote. Hata hivyo itafaa kuitia sumaku nguvu upya amecha inaporudi, na hii ni kazi ambayo wale wale mafundi wetu wa mota wanaiweza kwa ustadi: wangu alisuka koili mbili kubwa za waya mnene juu ya chuma laini, akaunganisha betri kadhaa za lori kwa mfululizo, na akapitisha umeme kwa muda mfupi mno. Tulitumia dira ya baharini kutia alama upande wa kaskazini wa sumaku kabla ya kuanza, ili tusiigeuze.

Forodha isikutishe, lakini usiikwepe. Kabla amecha haijaondoka, nenda ukaitangaze kwamba inatoka kwa ajili ya matengenezo na itarudi, ukiwa na picha na namba zilizogongwa juu yake, na uhifadhi karatasi hizo pamoja na ankara ya fundi inayotenganisha gharama ya kazi. Bila ushahidi huo inaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa mpya inayoingia nchini, na utalipia VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine juu ya thamani ambayo ilikuwa yako tangu awali. Anayekubebea kwenye begi naye apewe nakala.

Kuna wazo ambalo wengi hawalijui: ndege ndogo za pistoni, kama hizi zinazotua katika uwanja wetu wa Malindi, bado zinatumia magineto, mbili kwa kila injini. Mafundi wake, ambao wengi wako uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, hawatakuwa tayari kukusukia amecha ya pikipiki, lakini wanavyo vipimo vya kukagua kihami kwa volti nyingi, na mmoja wao alinikagulia yangu kwa hisani tu iliporudi kutoka Italia. Pia katika maonyesho ya magari na pikipiki ya Concours d'Elegance yanayofanyika kila mwaka pale Ngong Racecourse huja wenye pikipiki za zamani kutoka pande zote za nchi, nao huwa wepesi kukueleza nani aliwatengenezea.

Amecha yako itakaporudi na kufungwa, usiizungushe kamwe magineto huku waya wa plagi ukining'inia hewani, maana umeme usiopata pa kurukia hutafuta njia kupitia kihami kipya. Plagi iwe imegusa chuma cha injini na pengo lake lisizidi inchi 0.018. Kisha ipe safari ndefu ya jua kali kabla ya kummalizia fundi malipo yake, ikiwa mmekubaliana hivyo.

Kwa sasa nipigie picha maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa magineto, pamoja na mshale unaoonyesha upande inakozunguka, na uniandikie kipimo cha omu ulichokipata pamoja na hali ya ile kaboni ya upande. Nikiviona hivyo nitakuambia kama unahitaji kondensa tu au amecha nzima isafiri, na kama ni ya kusafiri, jirani yangu anaondoka tena kabla ya mvua za masika.