Kushea Mafaili Nyumbani: Kagua Njia Kabla ya Folda

Anayeanza huikimbilia folda, akaishea, kisha kompyuta ya pili isione kitu. Hapo ndipo anapoanza kuwasha na kuzima kila kitufe mpaka asijue tena alichobadilisha. Kushea folda kwenye Windows ni kazi ya dakika 2. Kinachokula jioni nzima ni njia iliyopo kati ya mashine mbili, kwa hiyo anza nayo.

Kwenye kila kompyuta fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, usome mstari wa IPv4, yaani anwani ya mashine hiyo kwenye mtandao. Ukiona 192.168.1.10 huku na 192.168.1.14 kule, mko pamoja. Ukiona 192.168.1.10 na 192.168.0.7, kwa kawaida una ruta mbili: ile ya kampuni ya intaneti na uliyonunua mwenyewe ili Wi-Fi ifike chumbani. Hiyo ya pili imejitengenezea mtandao wake. Ibadilishe iwe "Access Point", yaani ieneze tu Wi-Fi ya ruta ya kwanza, au unganisha mashine zote kwenye ruta moja. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake mashine imeomba anwani ikakosa wa kuipa. Kagua kebo, au izime ruta na kuiwasha tena. Kuwa macho pia na Wi-Fi ya wageni: mara nyingi intaneti inapita vizuri kabisa ilhali vifaa vimezuiwa visionane, na hilo huwapoteza wengi.

Usiitegemee ping, amri ya kujaribu kama mashine moja inaifikia nyingine. Windows inaweza kuikataa na bado mafaili yakapita. Kipimo cha kweli kiko kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows; 445 ni namba ya mlango ambao mafaili hupitia, na anwani ni ya kompyuta yenye mafaili:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Mwishoni ikija TcpTestSucceeded : True, njia iko wazi. Ikija False, nenda kwenye kompyuta yenye mafaili. Windows huchukulia mtandao mpya kuwa wa hadharani na kufunga mlango huo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi yako chagua "Private network", kisha washa "File and printer sharing". Fanya hivyo kwa mtandao wa nyumbani tu. Wi-Fi ya hotelini iache ilivyo.

Sasa mtumiaji. Usitumie akaunti yako mwenyewe, na usizime ulinzi wa nywila kama video nyingi zinavyoshauri. Fungua cmd kwa mamlaka ya msimamizi, andika net user nyumbani * /add ili kutengeneza mtumiaji anayeitwa "nyumbani", kisha weka nywila utakapoulizwa. Herufi hazitaonekana unapoandika, ni kawaida. Kumbuka kwamba PIN unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao, na akaunti isiyo na nywila hukataliwa.

Folda ina milango miwili, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Yote iko ndani ya "Properties" ya folda: mmoja uko kwenye "Sharing", mwingine kwenye "Security", na ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Ukipitia "Advanced Sharing", Windows huweka ruhusa ya kusoma tu, ndiyo maana mtu anafungua faili vizuri lakini akihifadhi anagomewa. Mpe mtumiaji "nyumbani" ruhusa ya "Change" kwenye mlango wa kwanza na "Modify" kwenye wa pili.

Kwenye kompyuta ya pili bonyeza Windows+R, andika \\192.168.1.10\Picha, yaani anwani ya kompyuta yenye mafaili na jina la folda uliyoishea. Kwenye jina la mtumiaji tanguliza jina la kompyuta yenye mafaili, mfano SEBULENI\nyumbani. Ikitokea hitilafu 1219, ulishaingia kwenye mashine hiyo kwa jina jingine; net use * /delete inafuta miunganisho yote uanze upya. Kisha ingia kwenye ruta uiwekee kompyuta yenye mafaili anwani ya kudumu, la sivyo kesho 10 itakuwa 12. Izuie pia isilale, maana ikilala folda inatoweka nayo.

Ukiwa na kifaa cha zamani kinachodai SMB1, toleo la kale la utaratibu ambao Windows hutumia kushea mafaili, usiiwashe. Ni udhaifu wa SMB1 uliotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kusambaa mwezi Mei 2017. Na Windows 11 Pro toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nywila, hivyo flashi iliyochomekwa kwenye ruta inaweza kugoma ghafla baada ya sasisho. Iwekee jina na nywila kwenye mipangilio ya ruta.

Kasi nayo ina sababu zake. Kebo inayokimbia Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde. GB 20 za video ni nusu saa. Kwa gigabiti, yaani Mbps 1000, kama diski inaweza, ni dakika 3 hivi. Lakini gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani ya kebo, wakati Mbps 100 inatosheka na 4. Waya mmoja tu kati ya zile 4 za ziada ukilegea kwenye kichwa cha RJ45 (plagi iliyo mwishoni mwa kebo), kompyuta hushuka kimyakimya hadi 100. Kabla ya kununua ruta nyingine, badilisha kebo.