Alama ya interferoni haionekani kwa wagonjwa wa lupasi

Ndugu, umeuliza kwa nini jeni zinazowashwa na interferoni (protini ya kinga ya mwili), kama IFI44L na MX1, hazijapanda kwenye damu ya wagonjwa wako wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Usianze kulaumu mashine. Uliza dawa: prednisoloni (dawa ya kutuliza kinga) ya dozi kubwa huififisha alama ya interferoni, yaani kupanda kwa jeni hizo, na tena si kila mgonjwa anayo. Halafu tyubu ya kuchukulia damu. Ile ya PAXgene, inayohifadhi RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi), huchukua mililita 2.5 za damu, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, ikae angalau saa 2 kwenye joto la chumba ndipo igandishwe. RNA ya globini, protini ya chembe nyekundu, nayo iondoe; hula sehemu kubwa ya usomaji wa mashine. Ukipima wagonjwa Jumatatu na wazima Ijumaa, utapata tofauti ya siku tu, si ya ugonjwa! Ni kwa kufuata njia hii ya interferoni ndipo ikapatikana dawa ya lupasi, anifrolumab, kingamwili inayoziba kipokezi cha interferoni, iliyoidhinishwa Marekani 2021.