Kabla hujabisha hodi Pasua na dodoso lako

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya data za saikolojia hapa Moshi, vibali mtavipata. Kamati ya maadili itawarudishia andiko, wengine mtafika hadi NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha barua itashuka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Inachosha, ila njia yake inajulikana. Mimi nina neno juu ya kinachofuata, mkishakaribishwa sebuleni kwa mtu, kwenye mitaa kama Pasua hapa mjini.

Kwa kawaida balozi wa nyumba kumi ndiye anayekupeleka. Anabisha hodi, anasema, "Mama, hawa ni wageni wetu kutoka chuoni, wana maswali machache." Mama anafuta mikono, anatoa viti, pengine na chai inakuja. Sasa niambie, huyo mama atakataaje? Akikataa amemwaibisha balozi mbele ya wageni, na balozi huyohuyo ndiye atakayemwendea siku akiwa na shida ya barua. Utamsomea fomu ya ridhaa, utafika pale penye "una uhuru wa kujitoa wakati wowote", ataitikia kwa kichwa, atatia sahihi. Karatasi imekamilika. Ridhaa bado hujaipata.

Darasani mmesoma habari za Stanley Milgram wa Yale, aliyepima utii kwa kuwaagiza watu wampige mwenzao shoti za umeme kila akikosea jibu, na wengi mnakumbuka kwamba katika ripoti yake ya 1963 washiriki 26 kati ya 40 walibonyeza mpaka volti 450. Kisichokumbukwa sana ni kwamba waliambiwa mapema kuwa dola zao nne na nusu ni malipo ya kufika tu maabara. Ni zao, litokee lolote. Hakuna aliyewashika kwa nguvu. Lakini pembeni alikuwepo mtu wa koti la maabara akiwaambia jaribio linawahitaji waendelee. Wakatokwa jasho, wakatetemeka, wakaendelea. Huwa tunalitaja jaribio lile kwa sababu ya udanganyifu, maana aliyedaiwa kupigwa shoti alikuwa anaigiza. Mimi nalisoma kwa ajili ya yule aliyesimama pembeni. Sebuleni Pasua, huyo ni balozi. Na wewe mwenye kitambulisho cha chuo shingoni ni wa pili.

Kwa hiyo balozi akutambulishe, mshukuru, mwache aende zake. Usihoji siku hiyo. Eleza utafiti, acha karatasi, sema utapita kesho. Asiyetaka utaambiwa ameenda Kiboriloni, na keshokutwa yuko msibani. Ndivyo watu wetu wanavyokataa bila kukuvunjia heshima. "Labda wiki ijayo" ikija mara ya pili, ihesabu kuwa hapana, iandike kwenye ripoti, usimfuate mtu sokoni. Msimamizi wako atanung'unika kwamba sampuli imepungua. Anung'unike.

Nauli mpe mwanzoni, kabla ya swali la kwanza, kwa kiasi kilichopitishwa na kamati. Ukiishikilia mpaka mwisho, atajibu hata asichotaka kukijibu. Asiyejua kusoma atie dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ruhusa ya mzazi na ukubali wao wenyewe, na ukubali huo usiuombe mwalimu akiwa darasani.

Jingine ni swali la tisa la PHQ-9, dodoso fupi la kupima dalili za sonona, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimeona wanaoanza wakilisoma haraka kama wanauliza idadi ya vyumba, wakaweka tiki, wakageuza ukurasa. Mtu amekwambia karibu kila siku anaona afadhali afe, nawe unamuuliza kabila? Kabla ya kwenda mtaani uwe umeshakubaliana na kitengo cha afya ya akili cha hospitali: nani atampokea, namba gani inapokelewa hata Jumamosi, nani analipa bodaboda. Haya yawe yameandikwa kwenye fomu, ili mshiriki ajue tangu mwanzo ni lini utalazimika kumshirikisha mtu mwingine. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo dodoso libebe namba ya mshiriki tu, si jina lake. Orodha ya majina ibaki imefungiwa ofisini, isizunguke kwenye mkoba mmoja na majibu, na isipigwe picha kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la wasaidizi.